Mbio za Vigari vya Mfuo Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanaokuja kucheza nasi hapa Chumbageni, na zaidi na wale wa Muheza, Pangani na Korogwe wanaotaka kuanzisha mbio zao wenyewe. Mengi yanarudi kwenye jambo moja: mbio zitakuwaje za haki wakati njia hazifanani, vigari havitoshi na watu ni wengi kuliko nafasi? Msimamo wetu ni huu. Msimalize nguvu mkitaka njia zilingane, kwa sababu hazitalingana. Gaweni uzuri wa njia na ubaya wake kwa kila mtu kwa kipimo kimoja, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani kabla kigari cha kwanza hakijaondoka.

Vigari vya mfuo ni vipi hasa? Si hivi vya rimoti?

Hapana. Kigari cha mfuo hakina betri wala antena. Chini ya pua yake kuna ulimi mdogo wa plastiki unaoingia kwenye mfuo uliochongwa katikati ya njia. Pembeni mwa ulimi huo kuna tambi mbili za nyuzi za shaba zinazoburuzika juu ya reli mbili na kuchukua umeme, kwa kawaida volti 12 za DC. Dereva hana usukani. Anashika kontrola yenye kitufe kimoja cha mwendo: akibonyeza kigari kinakimbia, akiachia kinapungua, na akiingia kona kwa pupa ulimi unachomoka na kigari kinaruka nje. Ujuzi wote uko kwenye kidole kimoja, na ndiyo maana mtoto wa darasa la nne anaweza kumsumbua fundi wa magari mwenye mvi.

Wengi wanavijua kwa jina la Scalextric, vilivyotolewa Uingereza mwaka 1957 na Fred Francis wa kampuni ya Minimodels. Wajerumani nao wana Carrera. Kipimo kinachoenea ni 1:32, ambacho kinafanya gari la kawaida liwe na urefu wa sentimita 13 au 14.

Nimeletewa seti na mjomba kutoka nje. Itakubali umeme wetu?

Ikitoka Uingereza, ndiyo, chomeka tu: plagi yao ya pini tatu bapa ni hiihii tunayotumia, na umeme wao ni volti 230 kama wetu. Ikitoka Ujerumani utahitaji kibadilisha plagi tu. Ikitoka Marekani soma kwanza maandishi kwenye adapta. Ikiwa imeandikwa 100–240V haina neno. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake usiichomeke kwenye soketi, itaungua papo hapo. Tafuta adapta nyingine yenye volti zilezile za kutoa.

Kwa nini mnasema njia hazilingani? Mbona zote ziko kwenye ubao mmoja?

Chukua uwanja wa duara la kawaida, usio na daraja. Ukitoka njia moja kwenda inayofuata, kuelekea nje, unaongeza urefu kwa umbali wa kati ya mifuo miwili mara 2 mara 3.14. Kwenye uwanja ambao mifuo imeachana kwa sentimita 8, hiyo ni karibu nusu mita kwa kila mzunguko. Kati ya njia ya kwanza na ya nne ni mita moja na nusu. Mtu anayezunguka mara 30 ndani ya zamu yake atakuwa amekwenda mita 45 zaidi ya yule wa ndani. Hayo si mambo ya bahati, ni hesabu.

Lakini usikimbilie kusema basi wa ndani ndiye mwenye raha. Kona yake ni kali zaidi, inambidi apunguze mwendo mapema na atoke taratibu, wakati wa nje anaingia kwenye sehemu iliyonyooka akiwa tayari anakimbia. Wa nje naye, mkia wa kigari ukiteleza, hana nafasi: nyuma yake ni ukingo wa meza. Ndiyo maana kwenye viwanja vingi njia za katikati ndizo zinazopendwa na zile mbili za pembeni ndizo zinazoogopwa.

Ongeza tena mambo yasiyoonekana. Kiungo kimoja cha reli kilicholegea kinapunguza umeme wa njia nzima. Vumbi linajaa upande wa dirishani. Mtu anayesimama mwisho wa meza haioni vizuri kona ya mbali. Ukipima urefu kwa utepe hayo yote hutayaona.

Uwanja wenye umbo la nane, unaopita juu yake wenyewe kwa daraja, unamaliza tofauti ya urefu, kwa sababu njia iliyokuwa ya nje kwenye kona za kulia inakuwa ya ndani kwenye kona za kushoto. Mkiwa na nafasi ya kuujenga, ujengeni. Hata hivyo bado mtahitaji ratiba, maana umeme, vumbi na macho havijui umbo la nane.

Basi kwa nini msiwapange wa nje mbele kidogo, kama wakimbiaji wa mita 400?

Wakimbiaji wa mita 400 wanazunguka mara moja tu, kwa hiyo nafasi waliyopewa mwanzoni inatosha. Sisi tunazunguka mara nyingi na hatujui mapema ni mara ngapi. Mkitaka kufidia kwa mtindo huo mtalazimika kukisia, na makisio ndiyo chanzo cha ugomvi. Kubadilishana njia hakuhitaji makisio.

Tuko wanne na njia ni nne. Tunabadilishanaje?

Zamu nne, kila mtu anapita kila njia mara moja. Utaratibu mzuri wa kuhama ni huu: wa njia ya 1 aende ya 3, wa 3 aende ya 4, wa 4 aende ya 2, wa 2 arudi ya 1. Ukiwahamisha kwa mfululizo wa 1, 2, 3, 4, wa mwisho anavuka meza nzima kurudi mwanzo, anagongana na wenzake na nyaya za kontrola zinasokotana. Kwa utaratibu wa 1-3-4-2 hakuna anayeruka zaidi ya njia mbili.

Tuko saba na njia ni nne. Hapo ndipo tunapogombana kila wiki.

Saba ni idadi nzuri kuliko zote kwa uwanja wa njia nne, na ningependa kila kikundi kijue sababu yake.

Pigeni kura ya namba 1 hadi 7. Kisha andikeni zamu ya kwanza hivi: njia ya 1 dereva namba 1, njia ya 2 dereva namba 2, njia ya 3 dereva namba 3, njia ya 4 dereva namba 5. Zamu inayofuata ongezeni moja kwa kila namba. Ikifika 7, inayofuata ni 1. Mtapata hivi, kwa mpangilio wa njia 1, 2, 3, 4:

Zamu ya 1: 1, 2, 3, 5
Zamu ya 2: 2, 3, 4, 6
Zamu ya 3: 3, 4, 5, 7
Zamu ya 4: 4, 5, 6, 1
Zamu ya 5: 5, 6, 7, 2
Zamu ya 6: 6, 7, 1, 3
Zamu ya 7: 7, 1, 2, 4

Sasa ikagueni kwa kidole. Kila dereva ameendesha zamu nne, na kila njia ameipita mara moja tu. Halafu tazameni wawili wowote, kwa mfano namba 1 na namba 6: wamekutana zamu ya 4 na zamu ya 6. Namba 2 na namba 7? Zamu ya 5 na ya 7. Chagueni wawili wowote wale, watakuwa wamekutana mara mbili kamili, hawazidi wala hawapungui. Hakuna anayeweza kusema fulani alipangiwa wanyonge na yeye akapangiwa miamba. Na kila zamu inabakiza watu watatu nje, ambao ndio waokotaji wenu, yaani wa kurudisha njiani vigari vilivyoanguka.

Kwa zamu za dakika tatu na dakika mbili za kuhama, ratiba nzima inakwisha kwa dakika 35 hivi. Sisi tunaanza baada ya alasiri, tunaizungusha mara mbili na bado watu wanawahi magharibi bila haraka.

Tukizungusha mara mbili, turudie vilevile?

Hapana, mara ya pili someni ratiba kutoka chini kwenda juu. Uwanja haubaki vilevile jioni nzima. Matairi yanaacha mpira kidogo kidogo kwenye njia na mshiko unaongezeka, mota zinapata moto, na aliyeanza zamu ya kwanza alikuta uwanja mkavu wenye vumbi. Mkigeuza ratiba, aliyetangulia anakuwa wa mwisho. Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya yote, zungusheni vigari kwenye njia zote kwa dakika chache bila kuhesabu.

Idadi nyingine je?

Mwanzo uleule wa 1, 2, 3, 5 unafaa pia mkiwa sita au wanane, na idadi ya zamu inakuwa sawa na idadi ya watu. Mkiwa sita, wawili wowote watakutana mara mbili au tatu. Mkiwa wanane, mara moja au mbili. Si kamili kama saba lakini hakuna wa kulalamika. Mkiwa watano anzeni na 1, 2, 3, 4: kila mmoja anapumzika zamu moja na wawili wowote wanakutana mara tatu.

Mkiwa 13 mna bahati. Anzeni na 1, 2, 4, 10 na mwongeze moja moja kwa zamu 13. Kila mtu anapita njia zote nne, na kila wawili wanakutana mara moja tu. Ni jioni ndefu kidogo lakini ni mbio safi sana. Kwa idadi za katikati, kuanzia tisa hadi kumi na wawili, sisi tunagawa makundi mawili kwa kura na kuchukua wawili bora wa kila kundi waende fainali ya wanne.

Mkiwa watatu, ihesabuni njia tupu kama dereva wa nne anayeitwa "Tupu" na mfuate utaratibu wa watu wanne. Msiiache njia moja tupu muda wote eti kwa sababu ni mbaya. Mkifanya hivyo, siku wa nne akija hamtakuwa na rekodi ya kumlinganisha.

Kwa nini mnapima dakika na si mizunguko?

Kwa sababu tatu. Ya kwanza, mnajua mtamaliza saa ngapi. Ya pili, kigari cha mmoja kikiharibika wenzake hawamsubiri. Ya tatu ndiyo kubwa: mkikimbia mizunguko 20, anayemaliza wa kwanza anaweka kontrola chini na wengine wanabaki wakizunguka kwa aibu. Kwa dakika, wote wanaendesha mpaka umeme unazimwa, na dereva wa mwisho amepata muda uleule aliopata bingwa. Mtoto anayejifunza anahitaji muda huo kuliko mtu yeyote chumbani.

Mshindi anapatikanaje?

Jumlisha mizunguko ya zamu zake zote. Mwisho wa zamu umeme unazimwa na kila kigari kinahesabiwa kiliposimama. Tumeugawa uwanja wetu sehemu kumi kwa alama za rangi pembeni, kwa hiyo mtu anaandikiwa 27 na sehemu 4, kwa mfano. Vipande hivi vidogo ndivyo vinavyotenganisha wa pili na wa tatu mara nyingi, msivipuuze.

Wakitoka sawa mpaka kwenye sehemu, tunaangalia zamu mbili walizokutana ana kwa ana. Wakiwa bado sawa, wote wawili ni washindi.

Kuna vikundi vinavyotoa pointi kwa nafasi, nne kwa wa kwanza, tatu kwa wa pili na kuendelea. Mimi siipendi njia hiyo mkiwa wachache, kwa sababu aliyeachwa kwa sehemu moja anapoteza sawa na aliyeachwa kwa mizunguko mitano. Mizunguko inasema kila kitu.

Nani anahesabu?

Bora kihisi cha mwanga chini ya mstari wa kumalizia, kilichounganishwa na kompyuta ndogo. Kijana yeyote aliyepita chuo cha ufundi cha VETA kwenye umeme ataweza kuwatengenezea. Mwambieni aweke kizuizi cha muda: kama mzunguko wa haraka kabisa ni sekunde tano, kihisi kisikubali kuhesabu tena kabla ya sekunde tatu kupita. La sivyo kigari kilichogeuka na kutetema juu ya kihisi kitampa mtu mizunguko ya uongo.

Bila kihisi, wekeni mhesabuji mmoja kwa kila njia, anayepiga mistari kwenye karatasi kwa mafungu ya tano. Mhesabuji asiwe ndugu wala jirani wa dereva wa njia hiyo. Kwenye mtaa wetu hilo si jepesi, lakini ukigawa kwa kura linawezekana. Na matokeo ya kila zamu yaandikwe ukutani zamu ikiisha palepale, kila mtu akiona.

Shikamoo mzee. Mimi sina kigari na sina pesa ya kununua. Ninaweza kushiriki?

Marahaba mwanangu. Njoo, huhitaji kigari. Kwetu vigari ni vya njia, si vya watu. Kila njia ina kigari chake na kontrola yake, vina rangi ya njia hiyo, na vinabaki hapo jioni nzima. Wanaohama ni madereva. Kwa hiyo kigari kizito cha njia ya 3 wote watakiendesha, na chepesi cha njia ya 1 wote watakionja.

Hata kwenye magari makubwa jambo hili limefanywa. Marekani mwaka 1973 walianzisha mashindano ya mabingwa, na mwaka huo wa kwanza madereva kutoka michezo tofauti ya magari waliendesha Porsche za aina moja ili itafutwe tofauti ya mtu na si ya mashine. Kwetu imekuwa na faida nyingine: mwenye pesa hawezi kununua ushindi, na asiye nazo haombi kigari kwa mtu. Wanaotaka kuleta vigari vyao wana siku yao, mbali na ligi.

Kigari cha njia kikiharibika katikati?

Mnakuwa na kigari cha akiba, cha aina hiyohiyo, na kinaingia mara moja. Kama dereva aliyekuwa nacho amepoteza zaidi ya nusu ya zamu, zamu yake kwenye njia hiyo inarudiwa mwishoni akiwa peke yake. Kama amepoteza sekunde chache, inabaki ilivyo. Semeni sheria hii mapema, kwa sauti, kabla ya kuanza, kwa sababu ikisemwa baada ya kigari kuharibika hata kama ni ya haki itaonekana imetungwa kwa ajili ya mtu.

Sumaku za chini ya kigari (si zile za ndani ya mota) zitolewe kwenye vigari vyote au zibaki kwenye vyote. Tunapendelea zitolewe: sumaku inakibana kigari kwenye reli na kuficha ujuzi wa kidole. Matairi tunayapitisha msasa laini yote kwa pamoja, siku moja, mkono mmoja.

Mbio za timu zinakwendaje?

Timu nne za watu watatu, njia nne, zamu 12. Zamu nne za kwanza wanaendesha madereva wa kwanza wa kila timu kwa utaratibu wa 1-3-4-2, nne zinazofuata wanaendesha wa pili, nne za mwisho wa tatu. Kila mtu amepita kila njia mara moja, na mizunguko yote inaingia kwenye mfuko wa timu. Inachukua saa moja. Marufuku timu kumwachia mkali wao njia mbaya na mdogo wao njia nzuri. Hiyo wengine wanaiita mbinu, lakini inamnyima mdogo nafasi ya kujifunza kona ngumu.

Mwenzetu wa timu hakuja. Mkali wetu aendeshe mara mbili?

Hapana, azimeni dereva. Nafasi ya asiyekuwepo inawekwa ya mwisho, yaani zamu ya 9 hadi 12, na kura inapigwa kati ya wote ambao wameshamaliza kuendesha kwenye timu nyingine. Timu isimchague, kura ndiyo imchague.

Sasa wengi wanauliza, na wana haki kuuliza: dereva wa kuazima si atapunguza mwendo makusudi ili timu yake ishinde? Tumelifunga hilo hivi. Yeye ameshapita njia zote nne kwa ajili ya timu yake, kwa hiyo tunayo hesabu yake ya kila njia. Timu iliyomwazima inaandikiwa ile kubwa kati ya alichopata sasa na alichopata mwanzo kwenye njia hiyohiyo. Hata akilala, haiwapunguzii kitu. Najua timu iliyoazima inapata faida ndogo hapo. Tumeikubali, kwa sababu ni afadhali faida ndogo inayojulikana kuliko mtu mwema kushukiwa mbele ya watoto wake.

Kwenye jedwali la mtu mmoja mmoja, zamu za kuazimwa hazihesabiwi.

Waokotaji wana kazi gani, na kwa nini mnawasisitizia sana?

Kwa sababu mbio nyingi zinaharibikia kwao. Ratiba inaweza kuwa kamili, lakini mwokotaji akimrudishia rafiki yake kigari kwa sekunde moja na mwingine kwa sekunde nne, mmeshaibiwa.

Kila mwokotaji ana kona yake aliyopewa kwa kura. Vigari vinarudishwa kwa mpangilio wa kuanguka, isipokuwa kile kilichoziba njia ya wengine: hicho kinaondolewa kwanza. Kigari kinarudishwa pale kilipotokea, si mbele. Macho yawe uwanjani. Simu iwe mfukoni. Dereva haruhusiwi kumpigia kelele mwokotaji, hasa akiwa mdogo wake kwa umri. Na anayepumzika akikwepa kazi ya kuokota anakatwa mizunguko miwili, hata awe nani.

Neno "Zima!" linatamkwa na mwamuzi tu, na kwa mambo matatu: kigari kimeangukia pasipofikika, kigari kimeingia njia ya mwenzake, au kuna kitu uwanjani. La pili ni baya zaidi ya yote, kwani kigari kilichoingia mfuo wa jirani kinampa jirani mizunguko isiyo yake. Kigari kuanguka peke yake si sababu ya kuzima.

Mwenzangu akianguka, kigari changu kinaruka mbele na mimi naanguka. Ni nini?

Adapta moja inalisha njia mbili na haina nguvu ya kutosha. Kigari cha jirani kikitoka, umeme aliokuwa anautumia unakuangukia wewe ghafla. Hilo ni kosa la haki kabisa, si usumbufu tu, maana unaadhibiwa kwa kuanguka kwa mtu mwingine. Dawa ni kila njia kuwa na adapta yake. Vilevile pelekeni nyaya za ziada kutoka kwenye adapta hadi upande wa mbali wa uwanja, ili volti zisishuke huko.

Dawa nyingine, ambayo huku kwetu ina faida mara mbili, ni betri ya gari ya volti 12. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, kwa hiyo njia zote nne zinaweza kunywa humo bila kusukumana. Ikishuka inashuka kwa wote sawasawa. Lakini kila njia lazima iwe na fyuzi yake. Betri ya gari ikipata shoti haiulizi, inayeyusha waya na kuwasha moto.

Umeme ukikatika zamu ikiendelea?

Wenye betri wanaendelea. Taa za simu zimulike uwanja. Wenye adapta, kama zamu haijafika nusu inaanza upya, kama imepita nusu inamaliziwa muda uliobaki kutoka pale vigari viliposimama. Ndiyo maana nimesema matokeo yaandikwe ukutani kila zamu: kompyuta ikizimika haikumbuki chochote.

Reli zetu zinashika kutu kila mara.

Mko karibu na bahari, hakuna wa kumlaumu. Hewa ya chumvi inazila reli za chuma, na Raskazone hali ni mbaya kuliko Majani Mapana. Futeni kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila jioni ya mbio. Kutu ikikomaa tumieni msasa laini kabisa, kisha spiriti tena. Msitumie stili wuli hata siku moja: nyuzi zake zinavutwa na sumaku za mota, zinaingia ndani na kuiua. Mkihifadhi uwanja wakati wa masika, pakeni mafuta mepesi kidogo kwenye reli, na myafute yote kabla ya kucheza tena.

Binti yangu ana miaka tisa. Atapewa mizunguko ya bure?

Hapana, mama, na hataihitaji. Tunachofanya ni kushusha volti kwa wote, kutoka 12 hadi 9 au 10. Vigari vinapungua kasi, kuanguka kunapungua, na tofauti kati ya mzoefu na mgeni inakuwa ndogo. Atapewa kigoda ili aione kona ya mbali kama wengine. Atakuwa na ratiba ileile, njia zilezile, vigari vilevile. Na ataokota pia, kwenye kona ya karibu.

Kuna dau?

Hakuna, na halitakuwepo. Mchango ni wa LUKU, tambi za shaba na matairi, na daftari lake liko wazi kwa kila anayechangia. Anayetaka kuwekeana pesa aende kwingine.

Nyumbani tuna uwanja wa njia mbili tu na watoto watano. Hayo yote yanatuhusu?

Yanawahusu, kwa urahisi zaidi. Kila wawili wakutane mara mbili, mara ya pili wakibadilishana njia. Kwa watoto watano hizo ni zamu 20. Zikiwa za dakika moja na nusu ni nusu saa ya kuendesha. Muda ukiwa mfupi, fanyeni zamu tano tu: wa 1 na wa 2, wa 2 na wa 3, wa 3 na wa 4, wa 4 na wa 5, wa 5 na wa 1, anayetajwa kwanza akikaa njia ya ndani. Kila mtoto atapata ndani mara moja na nje mara moja, na mnajumlisha mizunguko. Mkubwa asianze kila wiki: wiki ijayo namba zigawiwe upya kwa kura, na karatasi ya zamani ibaki ukutani ili waone nani aliketi wapi.